Kasuku Niliyemupeleka ku Altari Fasi ya Kuku

Hiiiiii!

Kama hamujasikia kanisa nzima ikivuta pumzi mara moja, bamama, bapapa, batoto ba komunio, chorale yote pamoja na mupiga ngoma, mimi nimesikia, na mpaka leo nikifunga macho naisikia vizuri: kwanza hiiiiii, kisha kimya moja ya kukauka ambayo ndani yake unasikia hata mushumaa ikiwaka. Na mwenye kubavutisha batu bote ile pumzi ni mimi, Kavira, mushonaji wa Vulamba, hapa Butembo, nikiwa nimepiga magoti mbele ya altari na perruque mupya, nywele za kununua, ku kichwa (habari ya perruque mutaisikia, musinisukume). Nilikuwa nimeapa sitaieleza ku mutu yeyote. Mais vile Vulamba yote inaieleza vibaya, bengine ati kuku ilifufuka mu misa, bengine ati Kavira alileta katoto kenye mudomo ya ndege, nimeona afazali niieleze mwenyewe, juu kama ni kuchekwa, angalau nichekwe kwa makosa yangu ya kweli.

Bon. Ilianzia Beni.

Atelier yetu ya kushona ilikuwa imenituma kupeleka robe za chorale moja ya kule, na mimi kila mara nikifika Beni tumbo yangu inanipeleka yenyewe ku malewa ya Mama Kanyere, kale karestaurant ka mbao nyuma ya soko, fasi alikuwa anapika sombe ya kukusahaulisha jina yako. Ile siku nikakuta mulango imefungwa. Jirani yake, Papa Kambale, akaniambia Mama Kanyere alibeba batoto bake akaenda Kisangani juu ya usalama (mambo ya Beni munayajua, siko hapa ya kuyarudilia), akaacha kila kitu: meza, sufuria, na kasuku.

Ule kasuku nilimukumbuka. Alikuwaka ku dirisha ya jikoni, wa kijivu, mukia nyekundu, na batu balikuwa banamuita Directeur juu ya ile koti yake, na juu ya vile alikuwa anaangalia kila mutu sawa vile amechelewa kazi.

Papa Kambale akanipitisha mu chumba ya magunia. Directeur alikuwa amesimama juu ya kasha ya bière, amegeukia ukuta. Alipogeuka, bandugu, nikashika mudomo. Kutoka shingo kwenda juu alikuwa bado Directeur, koti ya kijivu, jicho kali. Kutoka shingo kwenda chini alikuwa mboga. Kifua wazi, mapaja wazi, ngozi ya vipele vipele sawa kuku ya Noeli inayongoja mafuta. Na palepale, mbele ya macho yangu, akainamisha kichwa, akashika unyoya moja iliyokuwa imebaki chini ya bawa, akavuta, akatetemeka kidogo, akaiacha ianguke bila hata kuiangalia.

“Inajifanya yenyewe hivyo,” Papa Kambale akasema. “Mbele ilikuwa inasema kupita mimi na bibi yangu pamoja. Tangu mwenye kuilea aende, hapana hata neno moja. Ni kujinyonyoa tu. Nikitoka kazi nakuta manyoya, nikiamuka nakuta manyoya.”

“Na utamufanya nini, papa?”

“Nitaifanya nini? Hata kula, nani atakula mifupa? Kama uko na roho, mama, beba.”

Roho niko nayo, akili ndiyo nilikuwa nimesahau Butembo. Nikamufunga mu foulard yangu ya kichwa, nikabeba.

Mu taxi, njia yote ya kurudi, nilikuwa nimeshamuponyesha mu kichwa yangu. Niliona manyoya yameota, niliona batu banatoka mpaka Goma kuniletea ndege zao zenye huzuni, niliona hata kibao juu ya mulango: KAVIRA, MUGANGA WA NDEGE (mimi mwenye sikumaliza hata mwaka ya nne ya secondaire). Vile njia ilianza kupanda na baridi yetu ikaanza kuingia kwa dirisha, Directeur akaanza kutetemeka juu ya magoti yangu, nikamuweka ndani ya blouse, na dereva akaniuliza kama hiyo kuku nimeilipia fasi.

Sasa Tantine. Tantine Masika ni dada ya baba yangu, ndiye alinilea, na ni mwenye nyumba. Ni mutu wa heshima mu Vulamba: anauzisha maharagwe ya Musienene, anafika ku kanisa mbele ya kengele, na hajawahi kutajwa vibaya na mutu, hata na bale bamama benye kazi yao ni kutaja batu. Akafungua foulard.

“Hii ni nini?”

“Ni ndege, tantine.”

“Ndege iko na manyoya. Nimeuliza, hii ni nini?”

Nikaeleza. Nikalia kidogo pia (mimi kulia si kazi). Akasikiliza yote, kisha akasema pole pole:

“Kavira, hapa kwetu mutu ananyolewa kichwa saa ya kilio. Sasa ndege yenye kujinyoa yenyewe, inalilia nani mu nyumba yangu?”

“Anamulilia Mama Kanyere, tantine.”

Akamufunika tena na foulard. Naamini ile jibu ndiyo ilituokoa.

“Itakaa,” akasema. “Mais usikilize vizuri. Nisikie aibu moja, moja tu, batu banitaje juu ya hii kitu, siku ile ile inatoka. Kuna papa moja wa Alimbongo anatafutaka kasuku, anabaingiza mu masanduku anapeleka mbali. Nitamuita.”

Masanduku! Directeur, mwenye kufa kwa upweke, aingizwe mu sanduku! Nikaapa kwa mikono miwili: aibu, tantine? Mimi? Kamwe.

Siku ya soko nikamupeleka Musienene kwa vétérinaire, mutu mwenye kutunza mifugo ya kule.

“Mimi najuaka mbuzi,” akaniambia. “Na ngombe. Kitu ndogo hivi, sindano naitia wapi?” Mais alikuwa mutu muzuri. Akamugeuza, akamuangalia ngozi, akamupuliza manyoya ya shingo. “Haina upele. Haina wadudu. Ni upweke. Kasuku mu pori banatembeaka mingi mingi, makelele, sawa bamama benye kutoka soko. Hii ilizoea batu, batu bakaisha. Donc inajikula yenyewe.”

“Nimurudishe ku pori?”

“Bila koti? Hata kuruka haiwezi.”

“Sasa dawa yake ni nini, docteur?”

“Dawa ni wewe. Usiiache peke yake, hata saa moja. Na uilinde baridi, juu kwa hii hali, asubui moja mubaya ya Butembo inaweza kuimaliza.”

Dawa ni mimi! Munasikia? Nilirudi nyumbani nikitembea sawa mutu mwenye diplome.

Ya baridi nilishona. Nilikata chaussette, soksi ya mutoto, nikatoboa fasi ya mabawa, nikamuvalisha, ikawa katiriko, kasweta kazuri ka rangi ya machungwa. (Ya kwanza niliiwekea vifungo, akavikula viwili, nikajifunza.) Ya upweke nilimupeleka ku atelier, akakaa karibu ya mashini yangu, benzangu banamusalimia “Bonjour, Directeur,” na mbele ya batu alikuwa anajinyonyoa kidogo, mais alikuwa bado anajinyonyoa, na neno hata moja hakusema. Kila mangaribi nilikuwa naokota manyoya mu kitunga yake, mara tano, mara sita, nayaweka mu bahasha. Sijui nilikuwa nayawekea nini. Labda nilifikiri siku moja tutayarudisha.

Mateso ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, juu siku ya Mungu atelier imefungwa na kila mutu iko ku kanisa. Ya kwanza nilijifanya mugonjwa wa tumbo. Ya pili mugonjwa wa jino. Ya tatu ilikuwa mavuno, na siku ya mavuno hata maiti Tantine angeipeleka.

Muelewe mavuno ya paroisse, parokia yetu. Kila shirika, maana yake familia za jirani zenye kusali pamoja mu juma, inaitwa kwa jina yake, inapanda mbele kwa kucheza, na zawadi ku kichwa: viazi, maharagwe, ndizi, sungura. Na mwenye kubeba kitu chenye uhai ndiye anatangulia. Anapiga magoti, anaifunua, Abbé, padri wetu, anaiwekea mukono, chorale inapiga vigelegele. Ni heshima kubwa. Shirika yetu ilikuwa na kuku moja tu, kuku nyekundu ya Tantine, ya mafuta, aliyeilea mwaka nzima kwa siku ile.

“Wewe utaibeba,” akaniambia, akatangulia na gunia yake ya maharagwe pamoja na bamama bengine.

Nikabaki peke yangu na kazi tatu: kuvaa perruque (ilikuwa siku yake ya kwanza, ya kuanguka ku mabega, nilikuwa nimeota juu yake mwezi muzima), kuvalisha Directeur katiriko, na kubeba kuku. Kuku ilikuwa imefungwa mguu ku nguzo ya jikoni. Nikaangalia ile kamba. Nikaona inamukaza. Munaona hatari ya kuwa na huruma? Nikasema nailegeza kidogo, kidogo tu, kwa mukono moja, ule mwingine ukishika chaussette. Ile kuku haikusema hata asante. Ilipita juu ya lupango, uzio yetu, sawa jiwe ya kutupwa, ikaingia mu mikaratusi, na mimi mbio nyuma yake na perruque imegeuka mbele nyuma, naita kuku kwa majina yote mazuri. Hapana kitu. Kengele ikalia.

Nikafikiri haraka. Nikamuweka Directeur mu kitunga ya kuku, nikafunika na kitambaa ya kikwembe. Nitakaa nyuma karibu ya mulango, nikasema, sitaonekana, hatakuwa peke yake, hatasikia baridi, na kisha misa nitaeleza Tantine ukweli: kuku ilikimbia, inatokea ku kila mutu. Ilikuwa mpango muzuri. Mpaka leo naiona ilikuwa muzuri.

Mais ku mulango ya kanisa nikamukuta Tantine amesimama na Mama Présidente wa shirika yetu, mama mwenye sauti isiyohitaji micro, na nyuma yao bamama kumi hivi.

“Kavira! Kuku iko?”

Ilikuwa kusema tu: hapana, tantine, ilikimbia. Mais bote balikuwa banaangalia kitunga, na kitunga, kwa bahati mubaya, ikatikisika.

“Iko,” nikasema.

Neno moja. Herufi tatu. Nimeshona robe za harusi bila kukosea, mais ile herufi tatu ilinishinda.

“Asifiwe Mungu!” Mama Présidente akapaza. “Basi mutoto, njoo mbele. Leo tutaonyesha bale ba shirika ingine benye kuleta sungura!”

Akanishika mukono, akanikalisha ku benchi ya kwanza. Ya kwanza! Mbele yangu hapakuwa na mutu wa kujificha nyuma yake, ila Abbé na Mungu. Nilisali kweli ile siku. Nilisali shirika yetu isahauliwe ku liste. Nilisali mvua. Abbé akahubiri juu ya kutoa kwa moyo safi, na kila mara alikuwa ananiangalia, ao ilikuwa kitunga yangu alikuwa anaangalia, sijui.

Bakatuita wa tatu. Ngoma ikaanza. Nikasimama, nikaweka kitunga ku kichwa (pole pole, juu ya perruque), na hapa niwaambie kitu ya kunitia haya kupita yote: nilisahau. Vile chorale ilinyanyua sauti na bamama bakaanza kupiga vigelegele nyuma yangu, miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe, mabega yakafuata, perruque inaruka kushoto na kuume, nikasikia mutu anasema “Eee, Kavira anajua!”, na nikaongeza. Niliongeza! Nilikuwa nabeba uongo ku kichwa na nilikuwa natabasamu. Ndani ya kitunga, Directeur anatupwa huku na huku, nikasikia anakwaruza, anapigana na kitu. Kumbe alikuwa anavua katiriko.

Nikafika. Nikaweka kitunga chini, nikapiga magoti, nikafunga macho sana, ile sala ya mutu asiyetaka kusumbuliwa.

“Funua, mama, tubariki,” Abbé akasema. Katekista alikuwa amemushikia micro karibu ya mudomo.

“Abbé,” nikasema, “iko na haya.”

“Kuku yenye haya?”

Batu bakacheka. Ngoma ikanyamaza ili basikie vizuri. Na mu ile kimya, kutoka chini ya kikwembe, sauti ya mama, sauti nzito, tamu, ya mutu mwenye kupita kati ya meza na kijiko mukononi saa sita ya mchana, ikauliza:

“Nani hayakula bado?”

Ilikuwa Mama Kanyere. Ilikuwa sauti yake kabisa, na ile hamu yake ya kukutaka uongeze sahani. Directeur, mwenye wiki na wiki bila neno, amesikia batu bengi, amesikia kelele na kicheko, akaona bamerudi. Batu ba malewa bamerudi! Nilitaka kulia kwa furaha, na labda ningelia, kama kikwembe haingenyanyuka palepale na yeye mwenyewe akatoka, uchi, mifupa na ngozi, kichwa ya ndege juu ya mwili ya sufuria, akapanda ku mukingo ya kitunga, akaangalia kanisa yote, akarudilia:

“Nani hayakula?”

Hiiiiii!

Kimya.

Kisha: “Kuku ya kunyonyolewa inasema!” Koko moja, mama muzee wa benchi ya pili, akapaza kuku kwa Kinande, “Engoko! Engoko!”, akafunika uso na foulard. Batoto ba komunio bakakimbilia nyuma ya altari. Mupiga ngoma akaruka dirisha (anakataa, mais ngoma yake ilibaki peke yake, sisi tuliiona). Papa moja akasema ni uchawi, mwingine akasema nani ameileta, na katekista, mutu mupole, mwenye kufundisha batoto baba yetu, akanyanyua kiti ya plastique juu ya kichwa.

“Piga! Piga hiyo kitu!”

Hapo sikufikiri tena. Ile siku yote nilikuwa nafikiri, na ndiko fikra ilinifikisha. Nikajitupa juu ya kitunga na mwili muzima.

“Musimupige! Ni wangu! Si kuku, ni kasuku, ni mugonjwa, ni wangu!”

Kiti ikabaki juu. Directeur, kwa kuona kwamba mimi nimelala chini, akanipanda mukono, akanipanda bega, akafika ku kichwa, na kule akakuta perruque. Sijui aliwaza nini. Akashika fungu moja, akavuta. Akashika ingine, akavuta. Nikajaribu kusimama kwa heshima, perruque ikaniteremukia ku jicho, ku sikio, kisha ikaondoka yote na mudomo yake, akaiangusha juu ya viazi za shirika ya kwanza, na ikalala pale sawa munyama imegongwa na pikipiki. Nikabaki na nywele zangu fupi za kweli mbele ya paroisse nzima. Na mu kimya Mama Présidente akasema, kwa ile sauti isiyohitaji micro:

“Yesu! Sasa inamunyonyoa hata Kavira!”

Kanisa ikapasuka. Hata katekista alicheka, kiti ikamushinda mikono. Abbé ndiye alichelewa, alikuwa anauma mudomo, mabega yanaruka chini ya ile nguo yake ya kijani. Mwisho akapangusa macho.

“Batu ba Mungu, mukae. Ni kasuku tu. Anauliza nani hajakula, ni swali nzuri ku siku ya mavuno, hata mimi sikuliuliza.” Kisha akainama kwangu, na sauti ya chini, ya kunihurumia: “Na kuku, mwanangu? Kuku iko wapi?”

“Ilikimbia, Abbé,” nikanongona. “Nilimudanganya tantine.”

Mais micro, bandugu, micro ilikuwa bado pale. Ile manongono yangu ilizunguka kanisa, ikatoka mpaka ku haut-parleur, kipaza sauti ya inje, benye kuuza beignets, mandazi, ku barabara bakaisikia. Nikageuka. Tantine Masika alikuwa amesimama mu njia ya katikati na gunia yake ya maharagwe ku kichwa. Akateremusha gunia, akaiweka mbele ya altari, akapiga alama ya musalaba, akarudi ku fasi yake, mugongo sawasawa. Mutu wa heshima anajua kumaliza kucheza hata kama ngoma imekimbia.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi na Directeur nyuma, na batu ku milango: “Mama Directeur, leo umetoa nini? Perruque?” Aibu moja, alisema. Moja tu. Nilikuwa nimemupa ya kutosha mwaka kumi.

Nilipika. Fufu, maharagwe, lengalenga. Nikamuwekea sahani yake. Akaketi ku kiti yake, akaigeuza kuelekea ukuta.

“Kesho asubui ninamuita papa wa Alimbongo.”

Nilikuwa nimeapa kwa mikono miwili. Nilisimama tu ku mulango ya jikoni, Directeur ku kijiti yake karibu ya dirisha, na fufu inapoa. Kisha:

“Nani hayakula bado?”

Tantine hakugeuka.

“Nani hayakula?” Directeur akauliza tena, na ile upole ya Mama Kanyere, ile ya kumubembeleza mutu aliyepoteza hamu. “Eee? Nani hayakula?”

Akauliza mara ya nne. Mara ya tano. Tangu bwana ya Tantine afe, mimi ndiye namupikiaka, namuwekea sahani, naenda zangu. Nafikiri hakuna mutu aliyemuuliza hivyo siku nyingi. Mugongo ikaanza kutikisika, nikafikiri analia, nikapiga hatua.

“Ni mimi!” akamulalamikia Directeur, akageuza kiti kwa nguvu. “Ni mimi, sijakula! Umefurahi? Utaninyamazia sasa?”

Akavuta sahani. Akakata fufu sawa mutu mwenye kugombana nayo, akala, akala, na katikati ya kula, bila kuniangalia:

“Na yenyewe, uliipa kitu?”

Papa wa Alimbongo hakuitwa. Mpaka leo.

Kuku ilirudi yenyewe kesho yake, ikaingia kwa mulango sawa vile haina kosa. Siku ya pili niliipeleka ku Abbé kwa miguu, Vulamba mpaka paroisse, mu kitunga isiyofunikwa, batu bote baione, na kila mutu alinisimamisha kuuliza kama hii inasema Kifaransa. Mama Présidente ameniambia mwaka kesho nitabeba viazi. Nimekubali. Na nimejifunza hivi: kitu chenye haiko, useme haiko, hata mbele ya bamama kumi, juu “iko” ya uongo inaanza na herufi tatu na inamaliza ku haut-parleur. Kulegeza kamba ya mutu sitaacha, sitaweza, naijua roho yangu. Mais mbele ya kulegeza nitafunga mulango ya lupango.

Kitu moja sikuieleza mutu. Ile jioni, kisha Tantine kuenda kwa jirani (kueleza habari upande wake, bila shaka), niliinamisha kitunga kuokota manyoya ya siku, na bahasha mukononi. Ndani kulikuwa chaussette, na mavi kidogo, na nyuzi nyeusi za perruque. Manyoya hakuna. Nikatikisa. Hakuna hata moja. Siku nzima Directeur hakujigusa. Yule aliyenyonyolewa ile siku ni mimi.

Nikafunga mulango. Nikasogeza kale kakiti kadogo ka jikoni mpaka chini ya kijiti yake, nikafungua foulard, nikakaa na kumupa mugongo. Akangoja. Kisha akateremuka, miguu yake ya baridi ku shingo yangu, akaanza kunisafisha nywele zangu fupi na mudomo, moja moja, pole pole, bila kuvuta. Nikakaa vile bila kutikisika mpaka miguu yangu yote miwili ikakufa ganzi.